Kifundo kinanisaliti Karura: nirudi kwenye lami?

"Daktari, hujambo. Nina miaka 43, nafanya kazi ya ofisini, na kwa miaka miwili nimekuwa nikikimbia kando ya barabara kila asubuhi kabla magari hayajawa mengi. Mume wangu na marafiki walinisisitizia kwamba lami itanimaliza magoti, basi miezi mitatu iliyopita nikahamia msitu wa Karura hapa Nairobi, mara tatu kwa wiki. Kweli magoti yalitulia. Lakini sasa mapaja yananiuma hata siku mbili baada ya kukimbia, kushuka ngazi za ofisini ni shida. Na wiki tano zilizopita nilikanyaga mzizi nikiteremka kuelekea maporomoko, mguu wa kulia ukapinda kwa ndani, nikasikia 'ta!' Kifundo kilivimba kikawa cha zambarau. Mama mkwe alinikanda kwa maji moto ya chumvi kuanzia jioni ileile, akanivuta mguu ili urudi mahali pake. Wiki mbili zilipopita uvimbe uliisha nikarudi msituni. Tangu hapo umepinda tena mara mbili, si vibaya kama mwanzo, ila nimeanza kuogopa. Tena nimekuwa mzito: kilomita kumi nilizokuwa nikimaliza kwa dakika 62 sasa zinachukua 74. Je, msitu haunifai? Ninunue buti za kupanda mlima zinazofunika kifundo? Au nirudi kwenye lami? Na kuna mbio za msituni za kilomita 21 baada ya wiki kumi, wenzangu wananishawishi nijiandikishe."

Pole sana dada, na asante kwa kueleza mambo kwa mpangilio. Nikikuelewa vizuri, unauliza kama umekimbia tatizo moja ukaingia kwenye jingine. Kwa maoni yangu msitu haujakukosea, na lami nayo haikuwa imekukosea. Ulichofanya ni kuhamisha kazi kutoka sehemu moja ya mwili kwenda nyingine, na ukaihamisha yote kwa mara moja. Kati ya hayo uliyoyataja, kifundo ndicho kinachonitia wasiwasi, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi. Mapaja na dakika zako hayanisumbui sana.

Lakini tuanze na hili la lami kuua magoti, maana ndilo lililokupeleka Karura. Linaonekana la akili: kigumu kinagonga, laini hakigongi. Tatizo ni kwamba mguu si nguzo ya saruji. Kabla unyayo haujagusa chini, misuli imeshajipanga kulingana na mahali unapokanyaga. Penye ugumu, goti na kifundo hulegea zaidi. Penye ulaini, hukaza. Jambo hili lilipimwa maabara tangu miaka ya 1990, na ikaonekana kwamba mkimbiaji akihamia sehemu laini, miguu yake hujirekebisha kiasi kwamba mwili unaendelea kupanda na kushuka karibu vilevile. Ulaini wa udongo hauondoi mzigo kwa kiwango kile watu wanachodhani.

Kuhusu yabisi ya magoti, yaani ule ugonjwa wa kiungo kulika na kuuma, uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 uliikuta yabisi ya goti au nyonga kwa takriban asilimia 3.5 ya watu wanaokimbia kwa kujifurahisha, na takriban asilimia 10 ya wasiokimbia kabisa. Waliokuwa wakishindana kwa kiwango cha juu ndio waliofikia asilimia 13 hivi. Takwimu hizo hazithibitishi kwamba kukimbia kunalinda goti, kwa sababu mwenye goti bovu huacha kukimbia mapema na kuhesabiwa upande ule mwingine. Hata hivyo ni vigumu kuzisoma na bado ukaamini kwamba lami inamsubiri kila mkimbiaji na fimbo.

Kwa nini basi magoti yako yalitulia? Tazama maelezo yako mwenyewe. Kwenye lami ulikuwa unakimbia kila asubuhi. Karura unakwenda mara tatu kwa wiki, tena kwa mwendo wa chini. Magoti yalipata siku nne za kupumzika ambazo hayakuwahi kuzipata kwa miaka miwili. Pia msituni hakuna hatua mbili zinazofanana, kwa hiyo goti halirudii msuguano uleule mara elfu kadhaa kwa mpigo mmoja. Hiyo ni faida ya kweli ya msitu. Lakini nikiulizwa kipi kilisaidia zaidi, nitasema ni zile siku za mapumziko.

Sasa kifundo.

Upande wa nje wa kifundo kuna ligamenti tatu, yaani mikanda migumu inayoufunga ule mfupa mwembamba wa nje wa muundi kwenye mifupa ya mguu. Ile ya mbele ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo huchanika kwanza mguu unapopinda kwa ndani huku vidole vikiwa vimeelekea chini. Ukiteremka mlima na kukanyaga mzizi kwa sehemu ya mbele ya unyayo, mguu unakuwa katika mkao huohuo hasa. Mlio uliousikia na ile rangi ya zambarau vinaonyesha kwamba nyuzi zake zilichanika na vijishipa vya damu vikavuja. Hilo lenyewe ni jeraha la kawaida sana, na kwa wengi hupona bila upasuaji.

Mama mkwe alikukanda kwa mapenzi, na mimi sitamlaumu; nyumba nyingi hufanya hivyohivyo. Ila siku ya kwanza na ya pili ndizo siku mbaya zaidi za maji moto na kukandwa kwa nguvu, kwa sababu damu bado inavuja na joto huifungulia njia. Zamani tuliwaambia watu wakae kabisa na kuweka barafu. Ushauri huo ulienea baada ya daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, kuuandika mwaka 1978, na mwaka 2014 yeye mwenyewe akasema barafu na mapumziko ya muda mrefu huenda vinachelewesha kupona. Siku hizi tunasema hivi: siku mbili tatu za mwanzo uubane mguu kwa bandeji ya kunyumbulika, uuinue ukiwa umeketi, na barafu utumie dakika chache tu kama maumivu yanakuzidi. Baada ya hapo uanze kuutembeza na kuutumia, kidogo kidogo, kadiri maumivu yanavyoruhusu.

Kuhusu kuvutwa, kifundo chako hakikuwa mlango uliotoka kwenye bawaba hata mtu aurudishe kwa kuusukuma. Hakuna mfupa uliokuwa umehama. Na kama ungekuwa umehama kweli, usingeweza kuukanyagia, mguu ungekaa upande kwa namna ya kutisha, na mahali pake pangekuwa hospitali usiku uleule. Kuvuta mguu ambao ligamenti yake imechanika ni kuzivuta nyuzi zilezile zinazotafuta kushikana. Wakati mwingine mzee akitaka kukuvuta, mwambie kwa heshima kwamba daktari amekataza, uniwekee mimi lawama.

Kuna jeraha la pili ambalo halivimbi wala halibadili rangi, na ndilo linalokupindisha mpaka leo. Ndani ya ligamenti hizo na misuli ya jirani mna vihisio vidogo vinavyoupasha ubongo habari: unyayo umelala, umeinama, unaelekea kuteleza. Ligamenti ikichanika, habari hiyo hufika pungufu au imechelewa. Ile misuli ya upande wa nje wa mguu, ambayo kazi yake ni kuushika unyayo usipinduke ndani, inashtuka wakati mguu umeshapinda. Kwenye lami hungejua kama una upungufu huo, kwa sababu lami haikuulizi chochote. Mzizi unakuuliza hapohapo. Ndiyo maana mtu aliyeteguka kifundo mara moja yuko hatarini kuteguka tena kuliko yule ambaye hajawahi. Katika kila kinachojulikana kutabiri jeraha hili, jeraha la awali ndilo linaloongoza.

Uvimbe uliisha kwa wiki mbili, na ukauchukua kama ruhusa. Nakuelewa, karibu kila mgonjwa hufanya hivyo. Lakini ligamenti huhitaji wiki nyingi, wakati mwingine miezi, kurudisha uimara wake, na vile vihisio havirudi kwa kungoja. Vinarudi kwa mazoezi.

Leo jioni vua viatu na ujipime. Simama kwa mguu wa kushoto, mikono kiunoni, uhesabu mpaka sekunde 30. Kisha fumba macho urudie. Halafu hamia mguu wa kulia. Nina hakika kiasi kwamba ukifumba macho, mguu wa kulia utatetemeka na utashusha ule mwingine mapema zaidi. Kipimo cha pili kinahitaji ukuta na rula. Elekeza unyayo kwenye ukuta, kisigino kikiwa chini, upige goti mpaka liguse ukuta. Rudisha mguu nyuma kidogo kidogo mpaka ufike mahali ambapo goti linagusa kwa shida na kisigino kinataka kuinuka, kisha upime umbali kutoka kidole gumba mpaka ukutani. Linganisha kulia na kushoto. Tofauti ikifika sentimita mbili, kifundo bado kimekakamaa, na kifundo kilichokakamaa hakina nafasi ya kujirekebisha ukikanyaga vibaya. Cha tatu, simama kwa mguu mmoja ukishika ukuta kwa ncha za vidole tu, uinue kisigino na kukishusha polepole. Lengo ni kufika 20 au zaidi kwa kila mguu. Wengi wa umri wetu wanaofanya kazi za kukaa huishia 12 wakiapa kwamba wamemaliza.

Matokeo hayo matatu ndiyo ramani yako ya wiki sita hadi nane zijazo. Kusimama kwa mguu mmoja ukifanye kila unapopiga mswaki, asubuhi na usiku. Hakuna atakayekuuliza unafanya nini. Ukizoea, simama juu ya mto au blanketi lililokunjwa, kisha funga macho, kisha mtu akurushie kitu ukidake. Kuinua kisigino kufanye kwenye ngazi, kisigino kikining'inia, mara tatu kwa wiki, na usiruke hatua ya kushuka taratibu kwa sababu hapo ndipo penye dawa. Kwa misuli ile ya nje tafuta kipande cha tyubu ya baiskeli, bei yake ni ndogo kwa fundi yeyote. Funga ncha moja kwenye mguu wa meza, pitisha nyingine kwenye unyayo ukiwa umeketi, kisha usukume unyayo kwenda nje dhidi ya tyubu, goti likiwa halisogei. Mara 15, upumzike, urudie mara mbili. Ukiona goti linacheza, unajidanganya, anza upya.

Mazoezi ya namna hii ya mizani yamechunguzwa sana kwa wachezaji waliowahi kuteguka, na yanapunguza kuteguka upya. Hayana mbwembwe, ndiyo maana watu huyaacha wiki ya tatu.

Sasa buti. Sikushauri. Buti ya kupanda mlima ni nzito, inakukaza mpaka unakimbia kama umevaa gipsi, na kwa mkimbiaji sijaona sababu ya kutosha ya kuitumainia. Kishikizo cha kifundo, kile cha kufunga kwa kamba au mikanda kinachovaliwa ndani ya raba, ni jambo jingine. Kwa mtu aliyekwisha kuteguka, kishikizo au plasta ya michezo hupunguza hatari ya kuteguka tena, na ile hofu kwamba kinaufanya mguu uwe mvivu haina msingi mkubwa. Kivae kila unapokwenda msituni kwa miezi michache hii, ukiendelea na mazoezi. Soksi za kubana zinazouzwa kila mahali si kishikizo. Zinatia moyo lakini hazizuii kitu.

Kuhusu raba zenyewe, usiingie gharama kabla hujatazama ulizo nazo. Ziweke mezani uzitazame kwa nyuma, macho yakiwa usawa wa meza. Kisigino kikiwa kimeinamia upande mmoja, raba hiyo imeanza kukupindisha kabla hujafika kwenye mzizi wowote. Wengi wetu Nairobi tunanunua mitumba, na hakuna ubaya, pata tu iliyo sawa: ibonyeze soli kwa kidole gumba, kama sponji yake hairudi, imekufa hata kama juu inang'aa. Kwa njia za msituni chagua soli isiyo nene sana. Zile nene za mtindo wa sasa ni tamu kwenye lami, lakini kadiri unavyosimama juu zaidi ya ardhi ndivyo kifundo kinavyopindishwa kwa nguvu zaidi ukikosea. Meno ya soli yanafaa wakati wa matope. Wakati wa ukavu tofauti ni ndogo.

Na Karura yenyewe unaijua, lakini nadhani hujaitumia kwa hesabu. Msitu una zaidi ya hekta 1,000 na njia zinazozidi kilomita 50, na njia hizo hazifanani. Kuna barabara pana za udongo ambazo gari la walinzi hupita, na kuna vijia vyembamba vinavyoshuka kwenye mabonde ya mito, pamoja na hicho cha kuelekea maporomoko kilichokuangusha. Wiki nne za kwanza baki kwenye barabara pana peke yake. Wiki ya tano na ya sita ingia vijia, lakini vya tambarare, na ukiteremka tembea. Hakuna aibu kutembea. Sehemu zenye mikaratusi zichukulie kwa tahadhari ya pekee wakati wa kiangazi, kwa kuwa majani na maganda yake hufunika mizizi na njia huonekana imelala kumbe sivyo. Mvua ikinyesha, ule udongo mwekundu hubadilika kabisa: uliokuwa mgumu kama sakafu unashika soli mpaka kila mguu unabeba kilo ya ziada, na mzizi uliolowa unateleza kuliko matope yenyewe. Miezi ya Aprili na Novemba, baada ya usiku wa mvua kubwa, mimi ningekwenda kwenye lami bila kusita. Siafu nao hupenda kuvuka njia asubuhi hizo, na sijamwona mtu anayeweza kutazama mizizi huku akijikung'uta siafu.

Macho pia hufundishwa. Wageni wa msituni hutazama vidole vyao. Tazama mbele kama hatua tano au sita. Miguu itakumbuka ulichokiona. Ukitaka kuwatazama kima juu ya miti, simama kwanza.

Wapo wanaolalamika kwamba msitu una mizizi mingi na ungesakafiwa. Hao huwa nawakumbusha kwamba mwishoni mwa miaka ya 1990 msitu huu ulikuwa umeshagawiwa vipande vya kujenga majumba, na Januari 1999 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa hadi kumwaga damu walipokwenda kupanda miti pale. Mizizi ina wenyewe. Turudi kwako.

Mapaja. Ukipanda, misuli ya paja hufanya kazi kwa kujikunja. Ukiteremka, hufanya kazi huku inarefushwa, ikizuia mwili usianguke mbele, na kazi ya namna hiyo huacha michaniko midogo sana ndani ya misuli ambayo haijazoea. Maumivu hayatokei siku hiyo. Huanza kesho yake, hufika kileleni kati ya saa 24 na 72, kisha huondoka. Barabara uliyokuwa ukikimbia nadhani ilikuwa tambarare. Karura unashuka bondeni na kupanda tena kila unapovuka mto. Habari njema ni kwamba misuli hujifunza haraka: mteremko uleule ukiurudia baada ya wiki moja au mbili huuma kidogo sana kuliko mara ya kwanza, wakati mwingine hauumi kabisa. Kama bado unaumia kila wiki baada ya miezi mitatu, nadhani unafunga breki: unarusha mguu mbali mbele, unatua kwa kisigino na goti limenyooka. Fupisha hatua uziongeze idadi, uache goti likunje kidogo unapotua, na mwili uinamie mbele kuanzia kwenye vifundo, si kiunoni. Kuna jambo moja tu hapa la kukufanya ukimbilie hospitali: mapaja yakiuma kupita kiasi na mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi. Hiyo ni misuli inayovunjika na kulemea figo, nayo haingoji asubuhi.

Dakika 74 zisikunyime usingizi. Ardhi isiyolingana pekee, hata bila milima, iliongeza matumizi ya nguvu kwa takriban asilimia 5 ilipopimwa maabara. Ongeza mabonde, kona, kupisha baiskeli na farasi, na kifundo unachokiogopea. Tena saa za kiganjani hupoteza mawimbi ya setilaiti chini ya miti minene na kukata kona, kwa hiyo pengine ulikimbia zaidi ya hizo kilomita kumi zilizoandikwa. Wala si hewa: unaishi Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, mwili wako umeshazoea. Msituni pima jitihada badala ya kasi. Ukiweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema, mwendo ni sawa. Wanariadha wetu wa Kaptagat na Iten, wanaoweza kukuacha kwa mbali kabla hujafunga kamba, siku zao nyepesi hukimbia polepole kiasi cha kumshangaza mgeni.

Basi, lami au msitu? Vyote viwili. Kwa sasa ningekupangia siku mbili Karura kwenye barabara pana na siku moja lami ya mwendo wa starehe, mazoezi ya kifundo siku zilizobaki, na siku moja usifanye lolote. Uliponiambia umehama kutoka kila siku kwenye lami hadi msitu mtupu, nilijua shida ilianzia hapo. Viungo huzoea chochote, mradi uvipe muda.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyaona kwa maandishi. Wiki tano zimepita na umepinda mara mbili zaidi, kwa hiyo nakusihi uende kwa mtaalamu wa fiziotherapia akushike mguu kwa mikono yake, hata mara moja tu, alinganishe vifundo vyote viwili na kupima ulegevu wa ligamenti. Usisubiri maumivu yaongezeke. Mweleze kama kifundo huvimba jioni baada ya kukimbia, kama kuna maumivu ndani kabisa ya kiungo, au kama kinanasa au kubofya kikikunjwa. Hayo huashiria kwamba gegedu ya ndani, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, iliumia pia, na huenda akakutuma ukapigwe picha. Maumivu yaliyo juu ya kifundo, yanayokuja ukibanwa muundi katikati, ni jeraha la aina nyingine linalochukua muda mrefu zaidi, na mazoezi niliyokupa hayatoshi.

Na ukianguka tena vibaya, kuna kanuni iliyotungwa Ottawa, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ambayo madaktari wa dharura hutumia kuamua nani apigwe eksirei, nawe unaweza kuitumia ukiwa umeketi chini ya mti. Jaribu kutembea hatua nne, hata kwa kuchechemea. Ukishindwa papo hapo, na ukashindwa tena ukifika hospitali, ni eksirei. Bonyeza zile nundu mbili za mifupa ya kifundo, ya ndani na ya nje, kwenye ukingo wa nyuma na nchani. Bonyeza pia mfupa uliochomoza katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, na ule wa juu ya upinde kwa upande wa ndani. Penye maumivu makali ya mfupa wenyewe, nenda ukapigwe picha. Ganzi, vidole vya baridi au vilivyopauka havisubiri kanuni yoyote. Siku chache baadaye, ikiwa umelala mguu juu muda mwingi na shavu la mguu likavimba, likawa la moto na kuuma, nenda hospitali siku hiyohiyo, huenda ni damu iliyoganda.

Kwa kuwa unaweza kuanguka tena, usikimbie bila simu, na usipite makutano bila kusoma namba yake. Karura ina vibao vyenye namba kwenye makutano ya njia. "Niko karibu na makutano namba fulani" humfikisha mlinzi kwako haraka. "Niko kwenye miti mingi" haimfikishi popote.

Mbio za kilomita 21 uziache mwaka huu. Wiki kumi zinatosha kukirudisha kifundo, lakini hazitoshi kukirudisha na wakati huohuo kukijengea uwezo wa saa mbili na nusu za mizizi, hasa saa ile ya mwisho ambapo misuli imechoka na haishtuki kwa wakati. Kama mbio hizo zina umbali wa kilomita 10, mwishoni mwa wiki ya sita rudia vile vipimo vitatu. Mguu wa kulia ukilingana na wa kushoto, na ukaweza kuruka kwa mguu huo mmoja mara kumi mbele na kando bila maumivu wala kusita, jiandikishe hiyo 10, uvae kishikizo, na uanze nyuma ya kundi ili usikanyage mahali ambapo huoni.